Nauli Moja ya Kulwa na Doto

Simu ya mjomba iliingia nikiwa kwenye cherehani, sare ya shule ya mtoto wa watu ipo nusu, na nusura niiache iite mpaka ikate. Nashukuru niliipokea. Alisema bibi, ambaye ndiye aliyenilea kule Kiloleli baada ya mama kufariki, ametoka hospitali na majibu si mazuri. Ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili limebaki na nuru kidogo, tena ya juani tu. Akiingia ndani, au jua likizama, haoni kitu. Na hata hicho kidogo, daktari hakuficha, hakitakaa. Kisha bibi mwenyewe akaomba simu. Hakulia, maana yeye si mtu wa kulia kwenye simu.

"Niletee Kulwa na Doto niwaone," alisema. "Wote wawili. Ukija na mmoja, bora usije."

Kwa msiotujua, sisi Wasukuma tukijaliwa mapacha, wa kwanza kutoka ni Kulwa, anayemfuata ni Doto, awe wa kike au wa kiume. Atakayezaliwa baada yao ni Shija. Na mapacha hawagawanywi. Ukimshonea mmoja nguo, mshonee na mwenzake. Ukimpa mmoja muwa, kata na wa pili. Wazee wanasema ukimpendelea mmoja, mwingine ataugua, na mimi, pamoja na usomi wangu wa darasa la saba, sijawahi kujaribu kuona kama ni kweli. Wangu ni Kulwa wa kike, mrefu, mweusi kama baba yake, na Doto wa kiume, mnene, mwenye kishimo kwenye shavu la kushoto. Wana miaka mitano na bibi hakuwa amewaona hata siku moja.

Miaka mitano! Najua mnacheka, kwani kutoka Bariadi mpaka Kiloleli si kwenda Ulaya. Lakini nyinyi mna mtoto mmoja mmoja. Kwenye mabasi yetu mtoto akipakatwa halipi, akikalia siti analipa. Mwenye mmoja anampakata, safari imekwisha. Mwenye wawili wazito, afanyeje? Kila mwaka baba yao alisema tukiuza pamba tutaenda, na kila mwaka pamba ikiuzwa lilikuwepo jambo lingine limekaa mlangoni likiisubiri. Safari hii yeye alikuwa shambani kwenye mavuno, hela iliyopatikana ilitosha nauli yangu na ya mtoto mmoja, na mapaja yangu yalikuwa na mwenyewe. Tumbo lilikuwa la miezi saba. Nikasema liwalo na liwe, tutaondoka.

Stendi ya Bariadi, asubuhi. Nilichagua basi linalokwenda upande wa Musoma, litushushe Lamadi tuunganishe. Nilijiona mjanja. Nikamlipia Kulwa, nikambana Doto kati ya magoti yangu, amesimama, nikiomba konda asimwone. Konda alikuwa kijana mrefu mwenye kofia ya sufu ilhali joto limeanza. Alimwona Doto kabla hajanikatia tiketi. Akaniuliza huyu vipi. Nikamwambia huyu ni mdogo, anasimama, hachoki. Akaniuliza ana miaka mingapi, na kabla sijatunga, Kulwa akajibu kwa sauti ya kanisani kwamba wamezaliwa siku moja.

Hapo basi zima likageuka. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu, mwenye kapu la vifaranga, alishika kifua. Akauliza kwa sauti ya chini, ambayo kila mtu aliisikia, kama kweli nimemlipia Kulwa nikamsimamisha Doto. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimehesabu hela, nikasahau kwamba nimewagawa wanangu mbele ya watu. Nikaanza kujitetea, na mimi nikijitetea huwa napaza sauti, nikasema kama kuna mwenye nauli ya Doto aitoe, siyo kunitolea macho.

Konda alinyanyua mkono tunyamaze. Akavua ile kofia.

"Mama, mimi mwenyewe naitwa Doto," alisema. "Hela ya Kulwa peke yake siwezi kuishika. Na nikichukua ya wote wawili, naona huna. Basi hii ni nauli ya Kulwa na Doto, moja, na siti yao ni moja. Wakae."

Wakakaa, kila mmoja nusu, wakashikana mabega kama maharusi. Yule mama wa vifaranga akanigusa begani akaniambia yamekwisha. Nikamwambia wabeja, asante yetu ya nyumbani, na nilikuwa namaanisha kwa moyo wote, ingawa nilikuwa bado nimenuna kidogo.

Njiani hadi Lamadi kulikuwa kukavu, mashamba mengi yamechumwa, pamba iliyodondoka kwenye magari imenasa kwenye miiba kando ya lami. Tulisimama Mkula kupakia watu na magunia, tukasimama tena kupisha ng'ombe wengi wa mtu mmoja asiye na haraka. Mimi nilikuwa natazama jua. Likizidi kupanda nafurahi, nikikumbuka kwamba likishapanda linashuka, roho inaniuma. Kama tungefika jua limeshazama, bibi angetusikia tu. Na kesho yake? Mjomba alisema kuna siku anaamka na nuru, kuna siku haamki nayo.

Lamadi ni njia panda. Konda Doto alitushusha, akawapa wanangu pipi mbili za aina moja na rangi moja, basi likapinda kulia kuelekea Musoma. Sisi tukasubiri magari ya upande wa Mwanza, tukasubiri kwelikweli. Yaliyopita yalikuwa yamejaa. Hatimaye liliposimama moja, jua lilikuwa limeshahama utosini.

Konda wa gari hili alikuwa mtu mzima, mpole, lakini hakuwa wa kwetu. Nilimweleza habari ya nauli moja na siti moja kama mtu anayemweleza sheria ya nchi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwao Tanga mapacha wanalipa kama watu wengine, na kwamba mbele kuna ukaguzi, wakikutwa watoto wawili siti moja, atakayeandikiwa faini ni yeye. Akashauri: nimlipie mmoja akae, mwingine apakatwe. Nikamwambia tumbo analiona. Mwalimu mmoja wa kike, mgeni wa mkoa kwa lafudhi yake, akasema mlete mmoja kwangu. Nikamshukuru, kisha nikakataa. Akashangaa, nadhani aliniona mwanamke wa ajabu. Nilimwambia haiwezekani mmoja akalie siti na mwingine akalie mapaja. Kama ni siti, wote siti. Kama ni mapaja, wote mapaja.

Mzee aliyekuwa na fimbo ya kuchungia, ameketi upande wa pili, alicheka akasema hilo ndilo neno. Akamnyooshea Kulwa mikono. Mwalimu akamchukua Doto. Konda akatazama siti iliyobaki bila mtoto, akaniuliza pole pole kama maana yake ni kwamba hata ile nauli moja hapati. Nikamwambia ndiyo, kaka yangu, ndiyo maana yake, unisamehe. Watu walicheka na yeye akacheka, akaiuza ile siti kwa abiria mwingine mbele kidogo. Mungu hakumnyima.

Nyashimo tukashuka. Mwalimu alikuwa na alama ya pipi ya Doto kwenye sketi yake nyeupe, nikamwomba radhi, akasema itatoka. Sikuwahi kumuuliza jina. Jua lilikuwa limeinama, na kutoka pale kwenda kwa bibi nilikuwa nimepanga tutembee, maana hela ya gari jingine sikuwa nayo. Ndipo nikakumbuka kwamba ninayo. Ile nauli ambayo konda wa Tanga hakuipata ilikuwa bado kwenye pochi. Nikaita bajaji, nikamwambia dereva kimbiza, ila usinizalishe njiani.

Kiloleli. Bibi alikuwa uani, kwenye kigoda, amekaa pale ambapo kivuli cha nyumba kilikuwa kinakaribia kumfikia. Mjomba alisema tangu asubuhi alikuwa anakihama, kivuli kikija anasogeza kigoda. Nilipiga goti nikamwamkia kwa Kisukuma, mwadila mayu, akaitika, lakini mkono wake ulikuwa tayari unatafuta nyuma yangu.

Hakuwakumbatia kwanza. Aliwashika mabega akawageuza watazame jua linakozama, akasogeza uso wake karibu mpaka pua zikakaribia kugusana. Alianza na Kulwa, akakaa naye kitambo. Akaenda kwa Doto, akakaa naye vilevile, sawasawa. Watoto walikuwa wanafumba macho kwa mwanga naye anawaomba wafumbue.

"Kulwa amemchukua baba yake," alisema. "Na huyu ana kishimo. Babu yako alikuwa nacho hapahapa."

Mimi sikulijua hilo. Babu alikufa sijazaliwa, na picha yake haipo. Nililia, tena kwa sauti, na bibi akaniambia ninyamaze, namzibia mwanga.

Tulikaa siku chache, tukala samaki na ugali wa mtama. Asubuhi mbili bibi aliamka na nuru, akawatoa tena uani. Siku ya kuondoka alitufungia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, katika mafungu mawili aliyoyapima kwa mikono mpaka akaridhika. Mjomba alinipa nauli ya watoto wote wawili.

Lamadi, wakati wa kurudi, tulimkuta Doto yule yule wa kofia. Nilimpa nauli mbili kwa kiburi kabisa. Alirudisha moja, akasema nauli ya hawa anaijua, ila akakubali michembe, akaomba tuchote kidogo kutoka kila fungu. Kituo cha mbele alipanda dada mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Nilikuwa sina mapaja, lakini begi lake nililishika mpaka Bariadi.

Shija alizaliwa baada ya mavuno kwisha. Bibi alikuja kwetu na mjomba, ameshikwa mkono, na siku ile jua lilikuwa kali lakini halikumsaidia tena. Nilimwekea mtoto mapajani. Akampapasa paji la uso, pua, midomo, vidole vyake vikatulia kwenye shavu.

"Amefanana na nani?" akauliza.

"Na Doto, bibi. Doto mtupu."

Akatabasamu, akamfunika vizuri.

"Basi nimemwona."