Paka Ndani ya Ukuta

Wiki hii, nikisubiri kupimiwa sukari katika duka moja pale Sindo, mume na mke waliingia. Mume aliomba sumu ya panya.

"Si nilikuambia ufuge paka?" mwenye duka akauliza.

"Ninaye. Aliwafuata panya ndani ya ukuta wa udongo, akawala, akanenepa. Sasa hawezi kutoka, na analia kutwa."

"Sumu ni ya nini basi?"

"Panya wakiisha, atakosa chakula, atakonda, atatoka. Hata mkoloni alitoka."

"Na akila panya mwenye sumu?"

Mke akatua kikapu chini. "Mwambie wewe abomoe ukuta, bwana duka. Mimi hanisikii."

"Ukuta nimeukandika juzi tu," mume akasema polepole.

Mwenye duka aliirudisha sumu rafuni, akamwazima jembe.

Kesho yake nilipita kwao. Paka alikuwa juani, akijilamba. Mume alikuwa akikanyaga udongo mpya, na mbele yake ukuta ulikuwa na tundu la kupitisha ndama. Humo ndani panya waliobaki walikuwa wakikwaruza.

"Bado wapo," nikamwambia.

"Waache," akajibu bila kuinua uso. "Hao wanajua kutoka."