Pazia la Gari la Bibi

Mjukuu wa kaka yangu alikuja kunipokea uwanja wa ndege wa Unguja na gari jipya, jekundu, fupi, limeinama kama mtu anayetafuta pete mchangani. Sijamaliza bismillahi, tumeshafika Migombani. Gia zinajibadilisha zenyewe, injini haisemi kitu, usukani ameushika kwa kidole kimoja.

"Umelionaje, Bibi?"

Nikamwambia ni gari zuri, na ni kweli. Mimi si wa kudanganywa na gari. Niliondoka kisiwani hapa na sanduku moja la bati, nikaanza kwa kuosha spana katika karakana ya watu, nikasoma baada ya kazi, nikapata stashahada ya ufundi wa magari, kisha karakana yangu mwenyewe yenye mafundi kumi na mmoja, wote wanaume, wote wakiniita "Bosi". Sioni haya kulisema. Lakini tulipoanza kuteremka Kilimani nilishika mlango kwa mikono miwili. Kijana akacheka, akadhani naogopa kasi.

Ngoja nikwambie nilichokumbuka, rafiki yangu msomaji.

Miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka tisa, nyumbani tulikuwa na gari jeusi la Kiingereza, kuukuu tangu wakati ule. Viti vyake vya ngozi vilinuka petroli na udi. Hendibreki ilikuwa haishiki, kwa hiyo kila likisimama, dereva alitia jiwe chini ya tairi. Na kati ya kiti cha mbele na cha nyuma palikuwa na pazia la kijani, kama yalivyokuwa magari mengi ya nyumba za mjini, ili wanawake wasionekane barabarani. Mimi, kwa kuwa bado mtoto, niliruhusiwa kukaa mbele. Bibi yangu alikaa nyuma.

Sura ya barabara hakuijua. Alilijua gari kwa sauti. Gari lile halikukubali gia kwa nguvu: ilibidi ukanyage klachi, uachie, ukanyage tena, na mafuta uyapimie katikati, la sivyo linasaga meno mtaa mzima ukasikia. Siku dereva akikosea, sauti ilitoka nyuma ya pazia:

"Umechelewa!"

"Njoo uendeshe wewe basi, Bi Mkubwa."

"Nikija wewe utakwenda wapi? Hata kupika hujui."

Walitaniana hivyo miaka na miaka, na kila mmoja hajapata kumtazama mwenzake usoni.

Ijumaa moja tulikuwa Chukwani, nje ya mji, kwenye nyumba ya mapumziko, mimi, Bibi na dereva tu. Dereva alikuwa na haraka, anataka kuwahi sala mjini. Alikwisha kuliwasha gari na Bibi amekwisha kuingia nyuma. Akalisukuma jiwe la tairi kwa mguu wa kushoto, na chini ya jiwe palikuwa na swila.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ameniuma," akakaa chini.

Bibi akatoka. Akachana kitambaa, akamfunga mguu, akatazama huku na huku. Wanaume wote wa jirani wako msikitini. Gari jingine hakuna. Mguu wa klachi unavimba tunauona.

"Panda nyuma," Bibi akamwambia dereva.

"Bi Mkubwa, nyuma ni pako."

"Nshakwambia panda!"

Akajikokota, akalala nyuma ya pazia, na Bibi akaketi kwenye usukani. Alikuwa mfupi, boneti ilimziba. Akanipigisha magoti juu ya kiti. "Wewe ndiye macho yangu. Unaloliona liseme."

Dereva akamtajia kutoka nyuma: klachi kushoto, breki kati, mafuta kulia. Gari likaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, likazimika, likawashwa tena, likaondoka. Kwa muda alimwelekeza. Kisha maneno yake yakaanza kuteleza. Nikafunua pazia: kope zimemwangukia kama mwenye usingizi, udenda unamtoka, anapumua kwa kuvuta.

"Bibi, hasemi tena!"

"Nnasikia."

Gari lilikuwa kwenye gia ya pili, linalia. Kwa mwendo ule dereva asingefika hai. Bibi akainamisha kichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akiinamisha nyuma ya pazia. Nikamwambia abadilishe. "Bado," akasema. Sauti ikapanda. "Bado." Halafu mguu ukaenda mara mbili, tk, tk, na gia ya tatu ikaingia kama kijiko ndani ya asali.

Mimi nikawa nasema: kushoto kuna mbuzi, mbele patupu, mbele kuna gari la punda limeachwa katikati ya njia nje ya msikiti. Tulilipita kwa upana wa kiganja. Bibi alikuwa anasoma dua na kumgombeza dereva kwa pumzi moja. "Usilale! Ukilala nitakuharibia gari lako!"

Tukafika Kilimani. Breki za gari lile peke yake zisingelizuia kwenye mteremko, hata mimi nilijua. Tulianza kushuka, likawa linakimbia lenyewe.

"Hapa yeye hulingurumisha kwanza," Bibi akasema, si kwangu wala kwa mtu. Klachi. Akaachia. Akagusa mafuta, injini ikapaza sauti. Klachi tena. Gia ikarudi ya pili, na gari likajizuia lote kama limeshikwa mkia.

Tulisimama kwa kishindo kwenye lango la hospitali, Mnazi Mmoja; nje hapakuwa na mtu. Bibi alishuka, akashusha buibui usoni, ndipo akaita watu.

Dereva alipona. Babu alipokwenda nasi kumtazama aliuliza nani aliendesha. Dereva, ulimi bado mzito, akasema, "Mimi, Bwana. Nilifika, nikaanguka, wakanilaza nyuma." Babu alitaka kuamini, akaamini. Bibi akanifinya mkono. Mji mzima ukamsifu dereva, wakamnunulia kahawa barazani, naye akawa anatazama kikombe.

Siku ya kwanza aliyorudi kazini, akichechemea, tulipofika juu ya mteremko wa Kilimani alipunguza mwendo, akangoja. Hakugusa gia. Nyuma ya pazia Bibi akagonga ubao wa kiti mara moja. Ndipo akaibadilisha. Ikawa hivyo mpaka gari lilipouzwa kama vyuma chakavu.

Watu huyapenda magari ya kale kwa taa zake za mviringo. Mimi nimeyafungua na kuyafunga, na ninasema yalipendeza kwa kuwa yalimhitaji mtu, yakamwambia yanataka nini. Mazuri ya leo hayamwambii mtu kitu. Pazia halipo, gari halipo, wenyewe wamekufa. Nimeinyamazia siri hii kwa heshima ya uongo wa dereva, aliousema kitandani ili kumsitiri Bibi. Sasa hapana wa kuaibika. Aliyeendesha ni bibi yangu. Kutoka Chukwani mpaka Mnazi Mmoja, na hata kuku hakumgonga.