Kopo la Ukerewe

Mume wangu Gabrieli siku hizi hatoki nje bila maji. Hata akishuka duka la jirani kununua mkate, ana chupa mkononi. Kwenye gari la kazini ameweka katoni nzima nyuma ya kiti. Nikimwogesha mtoto wetu Noel, namwona amesimama mlangoni anatazama bomba linavyotiririka, kama mtu aliyefika msibani akakosa pa kukaa. Zamani hakuwa hivi. Zamani angeweza kushinda mchana kutwa bila kunywa, mpaka nimkumbushe.

Gabrieli amezaliwa Ukerewe, kisiwani, katikati ya Ziwa Victoria. Mimi pia ni wa hukohuko, Nansio. Baba yake alikuwa na mtumbwi, na Gabrieli alijua kumtoa sangara kwenye ndoana kabla hajajua kuandika jina lake. Hapa Maskati, Omani, alikuja kuosha magari kwenye shorumu moja ya mtaa wa Wattaya. Akawa anamkodolea macho fundi wa umeme, leo waya huu, kesho ule, mpaka naye akawa fundi. Ndipo akaniita. Tunakaa chumba na jiko juu ya duka la matairi, Noel amezaliwa hapahapa.

Kitu kimoja tu alikikosa huku, nacho ni kushika mshipi wa kuvulia. Jioni alikuwa akitupeleka ufukweni Qurum. Watu wanatembea, wanakula aiskrimu, yeye anatazama maji.

"Mama Noel," ananiambia, "maji yote haya, na mimi nanunua samaki dukani kama mwalimu."

Rafiki yake Loai ni muuzaji wa magari palepale shorumu. Ni Mwomani, lakini bibi zake walizaliwa Unguja, na nyumbani kwao Qurum hata ugomvi wao ni wa Kiswahili. Siku ya kwanza alimsikia Gabrieli akiitukana betri iliyokataa kutoka.

"Wee! Kiswahili gani hicho, cha kuendea vitani?"

"Na chako cha kumbembelezea nani?"

Basi, tangu siku hiyo hawakuachana. Mmoja Mkerewe, mwingine Mwarabu, hakuna aliyeitwa jina lake tena.

Loai alikuwa na boti ndogo kijijini Yiti, ya mashine moja. Na alikuwa na figo moja. Ya pili alimpa dada yake Mazoon alipokuwa mgonjwa, na Mazoon akapona. Hakuwahi kulizungumza sana jambo hilo, ila shorumu nzima walijua kwa nini mezani kwake hapakosi maji. Mwaka ule daktari alimwambia iliyobaki nayo imeanza kuchoka. Anywe maji kwa wingi, asikae na kiu hata kidogo, ikifa hiyo hakuna nyingine.

Kwa hiyo alipotaka kumpeleka Gabrieli kuvua nguru, mama yake, Bi Nasriya, hakutaka hata kusikia. Lakini uvuvi wa nguru ulikuwa umefunguliwa juzijuzi. Huku serikali huwafunga wapate kuzaa, na wakifunguliwa kila mwenye boti hawezi kulala. Loai alimbembeleza mama yake wiki nzima. Mwisho Bi Nasriya akampigia simu Gabrieli. Nilikuwa kando namnyonyesha Noel, nikasikia yote.

"Gabrieli, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu nnakukabidhi wewe. Ijumaa kabla ya sala nnataka kumuona hapa keshakoga, kanzu yake n'shaipiga pasi. Na maji anywe. Mkazanie kama mtoto mdogo."

"Mama, ondoa shaka."

Wakagawana mizigo. Loai alete petroli, barafu na chambo. Gabrieli alete chakula na maji.

Alhamisi jioni Gabrieli alikaa sakafuni kupanga mfuko, anapiga mluzi. Sijawahi kumwona vile Maskati. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Ugali uliobaki, dagaa wa kukaanga, pilipili kwenye karatasi, kisu, mishipi, koti la zamani. Juu kabisa akaweka kopo la bati la bluu, lililobanduka rangi ukingoni. Alipewa na baba yake, likaja naye kutoka Ukerewe ndani ya sanduku.

Kwetu ziwani hakuna mvuvi anayebeba maji. Maji umeyakalia. Ukishikwa na kiu unainama, unachota, unakunywa, unaendelea na kazi. Kopo ndiyo maji yenyewe. Gabrieli si mjinga, bahari ameionja wiki ya kwanza tu aliyofika, akatema. Lakini mikono iliyokuwa inapanga mfuko ilijifunza mahali pengine.

"Kila kitu kimo?" nilimuuliza.

"Kila kitu." Akaligonga kopo kwa ukucha, likalia.

Nami niliutazama mfuko ule, nikauona umejaa.

Walitoka Ijumaa alfajiri. Ijumaa ndiyo siku pekee Gabrieli hana kazi. Wavuvi wa Yiti wao siku hiyo hukaa nchi kavu, wanangoja sala, na wengi hawatoki tena mpaka Jumamosi. Kwa hiyo boti ilikuwa yao peke yao na bahari ilikuwa yao peke yao. Gabrieli anasema walifurahia sana hilo.

Siku yenyewe amenisimulia kidogokidogo, mara nyingi akiwa anafanya kitu kingine, anakaza skrubu au anamfunga Noel viatu.

Anasema nguru wa kwanza alipokamata, mshipi ulimkata kiganja na hakusikia maumivu.

"Wee Mkerewe, huyo si sangara! Usimvute kama ng'ombe!"

"Kaa kimya Mwarabu, shika usukani."

"Mpe nafasi! Mpe! Haya sasa, sasa!"

Samaki mrefu, anang'aa kama kisu. Wakampata wa pili. Loai akasema twende mbele kidogo tu, kuna mahali anapajua. Wakaenda mpaka milima ya Yiti ikawa kama moshi na simu zikakosa mtandao.

Huko ndiko walikokutana na wavu. Wavu mkuukuu uliotupwa, unaelea chini ya maji hauonekani. Ukajisokota kwenye panga la mashine, lile linalosukuma boti. Gabrieli aliingia majini akaukata. Mashine ikawaka vizuri, ikanguruma, lakini boti haikwenda. Ndani kulikuwa na chuma kimevunjika.

"Ingekuwa umeme ningeitengeneza," huniambia. "Umeme ulikuwa mzima."

Loai hakuwa na hofu. Akajifuta jasho, akasema, "Haya, kabla hatujafikiri, tunywe maji."

Gabrieli akafungua mfuko, akatoa kopo. Akalishika. Loai akangoja.

"Na maji?"

Anasema alilitazama kopo, akaitazama bahari, na mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinama.

Loai ndiye aliyeelewa kwanza. "Subhanallah," akasema. "Mkerewe, umeleta kopo la kuchotea bahari?" Akacheka mpaka akakaa chini. Akamwangalia Gabrieli, akaona hacheki. Naye akaacha.

Palikuwa na barafu kwenye boksi la samaki. Mwanzo walimung'unya vipande vya juu, vilivyokuwa safi. Gabrieli hakumung'unya, alijifanya. Kasia lilikuwa moja, halikufua dafu kwa mkondo ule; alitandaza koti juu yake wapate kivuli, akamlaza Loai chini yake. Jua la huku hata nguru wakifunguliwa bado lina ukali wake. Ilipofika adhuhuri Loai alisali ameketi. Alipomaliza akasema, "Saa hizi mama yangu anaitazama kanzu."

"Tutafika."

"Atakuua wewe kwanza, ndiyo anizike mimi."

"Nyamaza, usikaushe mdomo."

Mchana barafu ikawa maji ya damu ya samaki. Gabrieli alivua fulana yake, akayachuja humo, akamnywesha Loai kwa lile kopo. Akanywa, akatapika. Akanywa tena, akatapika zaidi kuliko alichokunywa. Kuanzia hapo mkojo haukuja tena. Loai mwenyewe alimwambia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona aibu. "Haiji, Gabrieli." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Mimi nilikuwa sijui lolote. Baada ya sala Bi Nasriya alikuja mwenyewe kunichukua na gari, mimi na Noel. Alishawapigia askari wa pwani, na watu wa Yiti walishatoka na boti zao baada ya msikiti, ila mkondo ulikuwa umewapeleka wale upande usiotafutwa. Tulikaa sebuleni kwake. Kanzu ilikuwa imetundikwa mlangoni, nyeupe, imenyooka, na kofia yake juu. Noel alilia, akalala, akaamka. Bi Nasriya alimbeba muda mwingi kuliko mimi.

Waliokotwa Jumamosi asubuhi na wavuvi wawili wa Yiti waliokuwa wanakwenda kwenye mitego yao. Wale wavuvi kitu cha kwanza walichotoa ni maji. Gabrieli anasema Loai alikunywa mpaka wakamnyang'anya chupa. Lakini figo haikurudi.

Hospitali Gabrieli alitundikiwa dripu moja, akaamka. Akamfuata Bi Nasriya kwenye viti vya nje ya chumba alicholazwa Loai. Midomo ya Gabrieli ilikuwa imepasuka, maneno yanatoka na damu.

"Mama, maji yalikuwa yangu mimi. Sikubeba. Nilibeba kopo."

"Kopo la nini?"

Akamweleza. Akamweleza ziwa lilivyo, na mitumbwi, na mtu anavyoinama. Nilikuwa nimesimama na Noel mgongoni, nikaona watu wanapita wanamwangalia mtu mzima anafanya ishara ya kuchota maji sakafuni hospitalini. Bi Nasriya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ziwa lenu," akasema, "mtu anakunywa tu?"

"Anakunywa tu, mama."

Akajifunika mtandio vizuri, akageukia ukutani. Tangu siku ile sijamsikia akilirudia jambo hilo.

Gabrieli alitaka kutoa figo yake. Walimpima, wakamwambia haipatani. Mazoon hawezi kuirudisha aliyopewa. Akija kumtembelea kaka yake anakaa karibu na mlango na mkono ubavuni, nadhani hajui kwamba anauweka hapo. Loai ameacha kazi. Anasafishwa damu kwa mashine, anakwenda leo, anapumzika kesho, anakwenda tena. Mkono wake, pale wanapochomekea mashine, una uvimbe wa mshipa, ukiugusa unatetemeka. Na jambo ambalo sikulijua, mtu wa mashine hiyo hakojoi, kwa hiyo haruhusiwi kunywa. Anapimiwa kikombe, na mchuzi unahesabiwa humohumo. Yeye aliyekuwa anaambiwa anywe, anywe, sasa anaambiwa asinywe. Boti iko Yiti, juu ya mchanga, kamba imeanza kuoza.

Kila Ijumaa baada ya sala tunakwenda kwao. Bi Nasriya hupakua wali, humsukumia Gabrieli sahani, na pembeni humwekea chupa kubwa ya maji baridi. Kila Ijumaa. Sijui anamaanisha nini na sijathubutu kuuliza. Gabrieli huwa haifungui.

"Kunywa bwana, unanikera," Loai humwambia.

"Sina kiu."

"Mwongo mkubwa we."

Wiki iliyopita Loai alisema wamemruhusu kumung'unya barafu, kipande kimoja kimoja, inapunguza kiu. Akamtazama Gabrieli. "Lile kopo bado unalo?"

Gabrieli akasema alilitupa. Kweli alilitupa, siku aliyotoka hospitali, na mimi nililitoa kwenye takataka nikalificha chini ya sinki. Sikuweza kuliacha. Ni la baba yake.

"Ninalo mimi," nikasema.

Gabrieli akanigeukia. Loai akasema, "Ijumaa niletee barafu humo. Humohumo. Ya kwenye friji yenu."

Juzi basi tulikwenda nalo. Gabrieli alilishika kwa mikono miwili kwenye gari, mimi nimempakata Noel, na dereva wa teksi anatuangalia kwenye kioo. Loai alikuwa kitandani, uso umevimba, macho bado ya utani. Akachukua kipande, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Tukangoja.

"Hii," akasema, "haina harufu ya samaki."

Gabrieli akacheka, halafu akafunika uso kwa kiganja na mabega yakawa yanatikisika, na hakuna aliyemgusa. Bi Nasriya alikuwa anakunja taulo lililokwisha kukunjwa.

Loai alimung'unya aliyoruhusiwa. Iliyobaki ikayeyuka, maji yakatulia chini ya kopo, safi, ya mikupuo miwili mitatu. Aliyatazama muda mrefu. Mkono wake ukasogea, ukarudi.

"Mpe Noel," akasema.

Noel sasa anatembea. Akalipokea kopo kwa mikono yote miwili, akainua kichwa, akanywa kwa pupa, maji yanamwagika kidevuni mpaka kwenye shati. Tulikaa wote tunasikiliza koo lake.