Mtoto wa Kuazima

Mwanakheir binti Shaame aliogopwa na kila mtoto wa Unguja mwenye macho na kumbukumbu, na yeye, masikini, hakuwa na alichokipenda duniani kama watoto. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye pengo la mbele na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Lakini akitokeza tu na kikapu chake, hata vile vitoto visivyojua kusema "mama" vilijua kupiga ukelele.

Alikuwa mchanjaji wa ndui. Kabla ya hapo alifagia wodi miaka kumi na mmoja, na yote waliyofunzwa wauguzi aliyasikia huku anasukuma ufagio. Baada ya Mapinduzi likafunguliwa darasa la wachanjaji, naye akauegemeza ufagio ukutani akaingia. Kila asubuhi mumewe Bakar, fundi baiskeli wa Kikwajuni, humletea barafu. Yeye huitia kwenye chupa ya chai pamoja na dawa, akaifunika kanga, akavaa buibui juu ya gauni lake jeupe, akaondoka zake kwa miguu.

Amechanja kote huyu. Chwaka walimtandikia jamvi wakampikia pweza. Mangapwani wanawake walimwona kwa mbali wakajitoma na watoto wao pangoni. Alifanya nini? Alikaa kitako mlangoni mwa pango akaanza nyimbo za harusi, moja baada ya moja, mpaka wakatoka wenyewe, maana mwanamke gani wa Unguja atasikia wimbo wa harusi aache kuitikia?

Lakini aliyemtoa jasho alikuwa Bi Jokha wa Kiponda.

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na nane. Habari za ndui zilikuwa zinasikika kutoka bara, na Mwanakheir alipewa vichochoro vya Kiponda, nyumba kwa nyumba, mtoto kwa mtoto. Siku ya kwanza alimchanja Masoud, mtoto wa miezi saba wa Mize. Mize na mumewe, mchukuzi wa bandarini, ndiyo kwanza wapewe vyumba vya ghorofa ya juu katika nyumba moja kubwa pale mtaani. Nyumba ya pili, ng'ambo ya kichochoro, ilikuwa ya Bi Jokha, mjane wa watu wenye mashamba yao zamani. Sasa alikuwa anashona kofia, anaishi na mwanawe Suud na mkwewe Tamima. Tamima alikuwa na mtoto wa kike wa miezi mitano, Shemsa.

"Mjukuu amelala," alisema Bi Jokha siku ile, mlango kaushika nusu. "Halafu keshachanjwa, hospitali. Njoo wiki ijayo utazame mkono."

"Haya, Bi Mkubwa," alisema Mwanakheir, akaandika, akaenda zake.

Siku ya nane akarudi, kama ilivyo kazi yake, kutazama kama chanjo imeshika. Akaanzia kwa Mize. Masoud alipomwona tu, akaangua kilio cha kuzibua masikio. Mkono ukatazamwa: lengelenge limejaa, zuri ajabu. "Imeshika hiyo!" Mwanakheir akashuka ngazi, akatoka nje, akasalimiana na wenye baraza, akazunguka mpaka mlango wa pili. Hodi, hodi. Karibu. Akapanda ngazi taratibu, pumzi juu juu.

Bi Jokha alikuwa kakaa juu ya mkeka na mjukuu mapajani. Gauni la maua, kofia ya hariri, wanja mpaka kwenye nyusi. Mjukuu akainua macho, akamwona Mwanakheir, akapiga ukelele ule ule.

Mwanakheir akasimama na kikapu chake mkononi.

"Bi Mkubwa, huyu mtoto hajaniona hata siku moja. Ananlilia nini?"

"Ana haya huyu. Haya, tazama mkono, nna kazi zangu."

Mwanakheir akachutama, akatazama. Lengelenge limejaa, zuri ajabu. Akalijua, kama mshoni anavyoijua nguo yake. Basi hapo hapo, kabla hajasema neno, gauni la maua likapanda, na yule binti wa watu akakojoa. Na hakukojoa kama wanavyokojoa mabinti! Mkojo uliruka juu ukapinda, ukamtua Mwanakheir kifuani, barabara, katikati ya gauni jeupe.

"Lahaula!" alisema Bi Jokha.

"Masoud!" alisema Mwanakheir. "Baba, umefikaje huku mbele yangu?"

Akageuka, akaona mlango uko wazi, na nje ya mlango wikio, lile daraja la juu lililounganisha nyumba mbili zile tangu zamani, walilolijenga wenye nyumba ili wanawake wao watembeleane bila ya kushuka njiani. Na huko wikioni alikuwa kasimama Mize, kanga mdomoni, kacheka mpaka machozi. Mtaa mzima ulidhani nyumba mbili zile hazisalimiani. Kumbe zinaazimana mpaka watoto!

Mwanakheir naye akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipofuta macho alimwona Tamima pembeni mwa mlango wa chumbani, na Shemsa mwenyewe kifuani, mkono wake laini hauna hata alama. Kicheko kikamwisha. Ndui haitazami gauni la maua. Ikiingia Kiponda itakwenda moja kwa moja kwenye mkono ule.

"Bi Mkubwa," alisema, "kwa nini?"

Bi Jokha akamvua Masoud kofia, akamrejeshea Mize mtoto wake kwanza. Akaikunja ile kofia ya hariri mara mbili, mara tatu.

"Kabla ya huyu Shemsa alikuwapo Salem," alisema. "Mwaka na miezi miwili. Tamima alikuwa mgonjwa, Suud yuko kazini, mimi nkamchukua kwenye sindano. Mikono yangu hii. Nkamshika asifurukute. Siku ya tatu tukamzika. Sasa niambie, huyu nimshike tena kwa mikono gani?"

Mwanakheir roho ilimuuma. Akasogea mkekani karibu yake.

"Alikuwa na homa siku ile, kabla ya kudungwa?" aliuliza.

"Tangu juzi yake."

"Basi alikwenda na ugonjwa wake, mama yangu. Na aliyemdunga angemshika kipaji cha uso kwanza, akakwambia mrejeshe nyumbani. Mimi simgusi mtoto mwenye homa."

"Wewe unasema."

"Mimi nasema."

Angeweza kwenda tawini, kwa watu wa chama, akalitaja jina; wangekuja watu kugonga mlango. Lakini nyumba ile ilikuwa imeshagongewa vya kutosha miaka ile, na Mwanakheir hakuwa mtu wa hivyo. Akafungua kitabu chake, kwenye jina la Shemsa akaandika: kesho.

Kesho yake akaja, akanywa kahawa, akamtazama Shemsa akicheza na kijiko, akaandika: kesho. Siku ya pili kadhalika. Siku ya tatu akasahau hata kuulizia chanjo, maana Bi Jokha alikuwa anamfunza mshono wa kofia na yeye ndiye mwanafunzi mbovu kupita wote walioumbwa. Akaandika: kesho. Msimamizi wake alishaanza kuuliza hizo kesho zitakwisha lini. Na mwenyewe Mwanakheir, kila akirudi Kikwajuni, alikuwa hasemi wala hacheki, hata Bakar akamuuliza kama kaumwa jino.

Siku ya nne aliyesema alikuwa Mize. Kaingia kwa wikio kama kawaida yake, Masoud kiunoni.

"Bibi," alimwambia Bi Jokha, "nikwambie kitu usinkasirikie?"

"Sema, mwanangu."

"Wangu mmemwazima, nami nkatoa. Mkamvisha gauni, nkanyamaza. Basi leo nnakuja kuazima wenu. Nipeni Shemsa, nende naye kwangu, nimpakate mimi. Wewe usimshike. Wala usitazame. Kaa hapa na kofia yako."

Bi Jokha akatazama dirishani, halafu akamtazama Tamima. Tamima, ambaye siku zote zile hakufungua mdomo, akamfunika mtoto kanga, akamtia mikononi mwa Mize.

"Mrejeshe mzima," alisema Bi Jokha.

Kwa Mize, Mwanakheir alimshika Shemsa kipaji kwanza. Baridi. Akamshika tena. Akachovya sindano yake yenye ncha mbili kwenye dawa, akamgusagusa mkononi haraka haraka, mtoto akalia kidogo, kwisha. Akarudi na Mize, akawaambia wote watatu: "Siku ya nne patafura. Siku ya saba huenda akachemka. Msioshe mahali hapo, msipake liwa, msikamulie ndimu. Akichemka mniite. Hata nikiwa sokoni, niiteni."

Siku ya saba, jua la mchana, Mize akafika Kikwajuni anatweta, kandambili mkononi. Mwanakheir hakungoja aseme. Aliliacha sufuria jikoni, akamwambia Bakar aepue wali, akatoka na buibui bega moja.

Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba homa ya chanjo ndivyo ilivyo, kaiona mara elfu. Na njia nzima aliogopa. Ikiwa siyo, basi bibi yule hatosimama tena, na yeye Mwanakheir hatoweza tena kupita Kiponda.

Alimkuta Bi Jokha katikati ya chumba, anatembea, kampakata Shemsa.

"Hataki kumpa mtu," alisema Tamima. "Tangu alfajiri."

Mwanakheir akamshika mtoto kipaji. Moto. Akatazama mkono: lengelenge limejaa, wekundu kulizunguka.

"Ananyonya?"

"Ananyonya," alisema Tamima.

"Basi tukae."

Wakakaa, wanawake wanne na Masoud, aliyekuwa anatambaa huku na huku anatafuta vijiko. Mwanakheir akawa anachovya kitambaa maji anampa Bi Jokha, Bi Jokha anampangusa mtoto mwenyewe. Alasiri ikaadhiniwa. Kwa zamu wakasali, Bi Jokha wa mwisho, na hata hapo alimpa Tamima mtoto kwa dakika zile tu, akamchukua tena.

Baadaye kidogo Shemsa akaanza kutoka jasho, kipaji chote. Akapiga chafya. Akafumbua macho, akazungusha kichwa, akamwona Mwanakheir na gauni lake jeupe. Akakunja uso. Akaangua kilio cha kuzibua masikio, nyumba nzima, na Masoud akamwitikia.

"Ala!" alisema Mwanakheir, machozi yanamtoka na yeye. "Mbona ananlilia? Huyu wa nani?"

Bi Jokha alimshika mjukuu wake sawasawa, mikono yote miwili, akaunyoosha ule mkono mdogo wenye chanjo mbele ya macho ya mchanjaji.

"Wangu," alisema. "Huyu hakuazimwa. Tazama, uandike."