Uso Juu
Boksi likifika limeraruka, mama wa ghala la kutunzia mafaili ya ofisi pale Ujiji halinyanyui kwa pembe kama sisi madereva. Hulipakata, kiganja chini ya kitako, kama anayepokea mtoto mchanga, huku akinong'ona Kiha kisichomlenga mtu. Kisha hutaja ada ya kupaki upya kwa sauti ileile ya kusalimia. Watu hulalamika, yeye anakuwa ameshaanza kukunja boksi jipya. Ziwa lilipofurika nilimpelekea maboksi ya zahanati yaliyoloa. Moja likaachia kitako mlangoni, fomu za bima zikamwagika, kila moja na picha ya mgonjwa. Nilizikusanya ovyo, nikamkabidhi. Akazitandaza mkekani, akawa anazigeuza moja moja, picha juu, akizifuta kwa upindo wa kanga.

"Mama, na hiyo ina ada?" nikauliza, kwa kuwa nilikuwa na haraka.

"Ada ni ya boksi." Hakuniangalia. "Kifudifudi wanalala waliokufa maji, mwanangu. Hawa walikuja kutibiwa."

Nikazima gari, nikavua viatu, nikakaa mkekani.