Kidole cha Mpiga Viola

Mpiga viola wetu, ile fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito, huvua kiatu cha kulia kabla hajakaa. Kidole gumba cha mguu ndicho saa yake: kinapiga mapigo ndani ya soksi ya kijivu, nasi watatu, wa fidla mbili na mimi wa selo, fidla kubwa ya kushikwa kwa magoti, tunakitazama kama abiria wanavyomtazama dereva. Makosa yetu mzee huyaandika kwa penseli kwenye karatasi zetu za muziki bila kuomba ruhusa, na tukijirekebisha huyafuta kwa kipande cha mkate. "Leo hukuwahi, dada," huniambia, akitafuna mkate uliobaki.

Kazi mpya ya mtunzi Bronwyn Tasker ilituchanganya tangu mwanzo. Inaishia kwenye ukimya: noti yangu ya mwisho ikishapotea, kidole kinahesabu mapigo kumi na tisa, pinde zote za kupigia nyuzi zikiwa hewani, ndipo tushushe. Jumamosi, onyesho la kwanza hapa mjini Hobart, nilimaliza noti nikainua upinde. Kidole hakikucheza. Nikahesabu mwenyewe hadi kumi na tisa, hadi arobaini. Ukumbi mzima ulibana pumzi. Bronwyn, kiti cha mbele, alifunua kurasa zake huku na huku kama aliyesahau alichoandika.

"Anza basi, mzee," alinong'ona Callum wa fidla ya kwanza, midomo haichezi.

Mpiga viola alinitazama, uso umekunjamana, kana kwamba mimi ndiye ninayewachelewesha. "Nitaanzaje? Mwambie dada aache kuvuta noti yake, bado naisikia."

Nikautazama upinde wangu kuhakikisha. Ulikuwa hewani, shubiri nzima kutoka kwenye nyuzi.