Flashi ya Sauti za Kike

Eti zinaleta usingizi! Hebu rudia, kaka, nisikie vizuri, labda honi ya lori imeniziba sikio. Sauti za wanawake zinamlaza dereva barabarani? Kwani wewe umelelewa na nani, na trekta?

Hayo nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso, mbele ya kibanda changu pale Somanga, basi limesimama abiria wanunue samaki wa kukaanga. Yeye ni dereva wa basi la Lindi, mtu mzima na kitambi chake, mfupa wa samaki mdomoni. Alikuja kujaziwa nyimbo kwenye flashi. Ndiyo kazi yangu hiyo, nina kompyuta moja iliyochoka na spika mbili. Nikamwambia leo nina mzigo mpya, wanawake peke yao, nyimbo arobaini. Akacheka mpaka mfupa ukamdondoka.

"Mdogo wangu, mwanamke anaimba taarabu, basi, harusini huko. Mimi nabeba roho za watu. Nataka kitu cha kunishtua."

"Chukua," nikamwambia. "Nenda nayo Lindi, rudi nayo. Ukisinzia hata kope moja, mimi kibanda nafunga, narudi Mitole kulima."

Watu walikuwa wameshajaa, wauza samaki wameacha makarai yao. Akaichukua. Nilikuwa na hasira, lakini sikuwa na wasiwasi hata chembe, kwa sababu zile nyimbo nilikuwa nazijua kama vidole vyangu.

Watu wanadhani nilizaliwa nazijua. Mimi shule niliishia kidato cha pili, na muziki hakuna aliyenifundisha. Kilichonifundisha ni flashi za wateja. Mtu akileta yake nimwongezee nyimbo, mimi kwanza nachungulia za kwake. Nikiona jina la ajabu, nadokoa. Sioni aibu kusema.

Wa kwanza kunisimamisha alitoka kwenye flashi ya nesi wa zahanati. Dada wa Kimakonde, Mkristo, kila wiki anakuja kuongeza kwaya. Siku hiyo naweka nyimbo zake huku nakula muhogo, mara akaingia mwanamke mmoja kuongoza. Alianza chini kabisa, kama anaongea na mtu aliyelala. Halafu akapanda. Akapanda tena. Muhogo ukabaki mkononi. Mimi Mwislamu, msikiti uko hatua ishirini kutoka kibandani, na machozi yananitoka kwa sababu ya kwaya! Nesi akaniuliza, "Umepatwa na nini, wewe?" Nikamwambia moshi. Akasema moshi gani, hapa pana moto?

Tangu hapo nikawa kama mgonjwa. Dereva mmoja wa lori akaniletea mama wa Kikongo, sauti nzito, haina haraka, anaimba kama mtu anayejua chakula kimeshaiva. Mwingine akaniachia memori ya Mmarekani mweusi ambaye nilimchukia siku tatu nzima. Sauti yake imekwaruza, nikadhani faili limeharibika. Siku ya nne nilikuwa nafagia, nikajikuta nimeegemea ufagio, nimeelewa. Haikuharibika. Alikuwa anaikwaruza kwa makusudi, pale pale panapouma. Kiingereza chake sikuambulia hata neno, lakini nilijua aliyemkosea ni mwanamume na nilijua amelala nyumba gani.

Halafu yule wa Kizungu wa kupiga mayowe ya jukwaani, wale wenye magauni makubwa. Mara ya kwanza nilizima kompyuta nikidhani inalia yenyewe. Baadaye nikaanza kumhesabia pumzi. Nilikuwa na daftari la mraba, la hesabu, nikawa naandika: huyu anapumua wapi, sauti inatokea tumboni, kooni au kwenye paji la uso. Yule wa magauni alikaa bila kupumua mpaka mimi mwenyewe nikaishiwa hewa. Mwarabu mmoja mama mtu mzima alirudia mstari mmoja mara kumi na moja, na kila mara ulikuwa mpya. Na vibinti vya singeli vya Dar, ambavyo watu wanavidharau, mimi navitetea mpaka kesho. Jaribu wewe kuongea kwa kasi ile bila kumeza ulimi.

Basi katika kuandika andika hizo pumzi, siku moja nikashtuka. Hii staili ya kushika sauti chini, kuiacha ikae, halafu kuitupa juu bila kuchukua hewa, mimi naijua. Nimekua nayo. Ni ya mama mdogo.

Mama mdogo ndiye aliyenilea, Mitole, tangu mama alipofariki. Mkulima wa korosho na ufuta, mkono wake mgumu kama jembe. Ila kwenye unyago, mabinti wanapochezwa na kufundwa, yeye ndiye anayenyanyua nyimbo. Makungwi wengine wanaitikia. Hiyo ndiyo heshima yake pale kijijini, hana nyingine, wala hakuwahi kutaka nyingine.

Tatizo, ukimwonyesha simu anafunga mdomo. Kwa hiyo nilimwibia. Nilikwenda msimu wa korosho, tumekaa uani na majirani wawili tunabangua, wanawake watupu hapana mwanamume. Simu iko kwenye pindo la kanga yangu. Akaanza kuimba. Majirani wakaitikia kwa chini, wakicheka cheka. Wimbo siujui, lakini Mungu wangu, ile sauti! Nikarudi Somanga, nikaiweka kwenye flashi, namba saba, katikati ya Mmarekani na yule mama wa Kikongo. Nilijisikia kama nimemjengea nyumba ya bati.

Na ndiyo hiyo flashi niliyompa dereva.

Siku ya pili asubuhi simu ikaita kabla sijafungua kibanda. Mama mdogo. Hakunisalimia.

"Mwanangu, umenimaliza."

"Mamdogo, kuna nini?"

"Umenipeleka kwenye basi? Na wimbo wa ndani? Wanawake wa hapa waliokuwemo wameijua sauti yangu!"

Wimbo wa ndani. Zile nyimbo ambazo zinaimbwa unyagoni tu, mwanamume hatakiwi kuzisikia hata kwa mbali. Mtasema, wewe si mwanamke wa huku, si ulichezwa? Nilichezwa, ndiyo, lakini Mitwero, kwa shangazi, likizo ya shule, wiki moja ya haraka haraka, na makungwi wa kule wana nyimbo zao. Ule wa Mitole nilikuwa sijafundishwa. Mama mdogo aliuimba kwa sababu pale uani tulikuwa wote tumechezwa, hakukuwa na kosa. Kosa nimelitia mimi, na lami ikalisambaza.

Makungwi wameshaitana, akaniambia. Kesho wanakaa. Wakiona amewauza, hatanyanyua wimbo tena mpaka anakufa.

Mchana basi likafika. Dereva akashuka anacheka, amefungua mikono.

"Dada, sijasinzia! Nimekubali yaishe! Tunaikaribia Mitwero, ikaingia namba saba, wanawake wa nyuma wakapiga yowe. Wengine vigelegele, wengine wamejifunika kanga usoni. Mama mmoja kasimama, 'Zima, we dereva, zima, laana hiyo!' Wanaume tunaulizana kuna nini. Nani yule wa namba saba? Yule si binadamu!"

"Nipe flashi."

"Futa zote, ile niachie."

Nilipanda basi, nikaichomoa mwenyewe pale kwenye redio, abiria wananishangaa. Akanifuata analalamika kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Nikamwambia huo ni wimbo wa ndani, wa Mitole. Kumbe naye kwao ni hapo hapo Kilwa, ana mama na dada zake. Akajifuta uso. "Mimi sijasikia kitu," akasema. "Redio iliharibika." Akaenda kununua samaki wake. Siku hiyo nilimsamehe mambo mengi.

Asubuhi yake nikafika Mitole na spika moja, simu na kompyuta kwenye mkoba. Makungwi watatu wako kwenye mkeka uani, wanaume wote wa nyumba wamefukuziwa shambani. Mama mdogo amekaa pembeni, magoti pamoja, kama mtoto aliyevunja chungu. Hapo ndipo roho iliniuma. Mwanamke yule sijawahi kumwona ameinamisha kichwa.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba," akaitika mkubwa wao, bibi mmoja mwembamba, macho makali. "Kaa. Tumeambiwa mwenzetu umemchanganya na watu. Kabla hatujasema lolote, tuwasikie hao watu. Tujue umemweka na kina nani."

Nilikuja nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Hilo sikulitegemea. Nikawasha spika.

Yule wa kwaya akaanza. Bibi mkubwa akafumba macho. "Huyu anamwita Mungu kama amemwona anapita," akasema. "Mwache aendelee."

Mmarekani akaingia na mikwaruzo yake.

"Ameachwa huyu," kungwi wa pili akasema.

"Na bado anamtaka," wa tatu akadakia.

"Mjinga."

"Mjinga, lakini anaimba!"

Nilipoweka yule wa magauni, bibi mkubwa akaruka kwenye mkeka. "Toba! Wamembana kidole mlangoni?" Tukacheka wote, hata mama mdogo, mkono mdomoni. Lakini bibi akainua kidole, tunyamaze. Akasikiliza mpaka mwisho, kifua chake mwenyewe hakipandi. "Anapumua kwa tumbo," akasema. "Huyo amefundwa. Kwao nako kuna makungwi." Mimi hapo nilitaka kutoa daftari langu nimwonyeshe ukurasa! Miezi minane naandika peke yangu kibandani, kumbe ningekuja tu hapa nikauliza.

Mama wa Kikongo alipoingia, kungwi wa tatu mabega yakamtoroka. Akawa anacheza amekaa. "Tunahukumu au tunacheza?" bibi akamuuliza. "Yote, dada. Kwani kuna mtu anatufukuza?"

Tukaenda hivyo mpaka jua likawa utosini. Nilikuwa nimeiruka namba saba, na bibi alikuwa anajua.

"Sasa mweke mwenzetu."

Nikamweka. Hakuna aliyecheka. Mama mdogo akajifunika kanga uso mzima, kisha taratibu akaishusha, akawa anaitazama ile spika. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti yake mwenyewe maisha yake yote. Wimbo ukaisha.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "umekosea. Lakini hukumweka pabaya." Halafu akatoa hukumu. Mama mdogo hakuuza, aliibiwa, abaki kwenye nafasi yake. Mimi nilichezwa nusu, kwa hiyo likizo ya Juni niingie ndani na mabinti, nikae chini kama wao, nimalize. Na ule wimbo ufutwe kila ulipo, mbele ya macho yao, sasa hivi. Usipofutwa, mama mdogo hanyanyui tena.

"Bibi, nikiufunga kwenye simu na namba ya siri? Asiufungue mtu?"

"Namba ya siri!" Wote watatu wakacheka mpaka wakashikana. "Siri tunaiweka hapa," bibi akajigonga kifuani, "na haijawahi kuisha chaji."

Nikafuta kwenye flashi. Nikafuta kwenye kompyuta. Kwenye simu kidole kikagoma. Simu ikaniuliza kama nina uhakika, mimi nikawa namwangalia mama mdogo. Hakusema futa, hakusema acha. Alikuwa amekaa wima sasa, shingo imenyooka, ananisubiri. Nikabonyeza.

"Haya," bibi akamgeukia mama mdogo. "Nyanyua, asikie vizuri, asije akakosea tena Juni."

Na mama mdogo akanyanyua. Bila spika, bila kanga usoni, wenzake wanaitikia kwa viganja. Nakuapia, ile niliyoiiba ilikuwa kivuli tu. Arobaini wangu wote wangekaa chini wamsikilize. Nilikuwa umbali wa mkono kutoka kwake, simu nimeishika, chaji imejaa, makungwi wamefumba macho na hakuna anayeniangalia.

Nikaizima. Wewe ungeizima?